Kikombe cha Kutoa Sumu

Oliva mwanangu,

Naandika nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye matuta ya bibi yako, kwa sababu ndani hakukaliki. Upepo unaipeperusha karatasi, nimeikandamiza kwa goti. Kesho asubuhi tutashuka wote barabarani. Wewe utapanda lori la Sumbawanga, na kutoka hapo utakwenda Kate kwa ndugu wa baba yako. Mimi nitapanda basi la upande wa pili, la Tunduma na Mbeya, niende Chuo Kikuu. Tutaagana mbele ya watu, na mbele ya watu mimi huwa sina maneno. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sitakuandikia habari za kufua, kuchana nywele na kuwaamkia wakubwa. Hayo unayajua, na shangazi yako Paskazia atayarudia mpaka uchoke. Nataka nikuandikie juu ya kile kikombe cha leo mchana, na kwa nini nilikupokonya mbele ya wageni. Ulinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Hukulia, ila uliondoka ukaenda kukaa kwenye banda la mbuzi, na tangu hapo hujaniita mama mdogo.

Nitaanza na mama yako, kwa sababu alipokufa ulikuwa mdogo, na wengi wanaokusimulia habari zake wanakudanganya.

Dada Yusta alikuwa mpika pombe. Wapo watakaokuambia hivyo huku wamebinua midomo, nao ndio waliokuwa wa kwanza kufika mtungi ulipofunguliwa. Alipika komoni, ya mahindi na kimea cha ulezi, na kwa kimea hakuwa na mwenzake upande huu wa Laela. Alikuwa akiloweka ulezi na kuufunika kwa majani. Ukishaanza kuchipua aliingiza mkono ndani, akatulia kama mtu anayempima mtoto homa.

"Bado," anasema. Au, "Felista, lete ungo, utamu umeamka."

Shuleni ndipo nilipofundishwa kwamba ndani ya mbegu inayochipua mna vitu vinavyoitwa vimeng'enya, vidogo mno, ambavyo kazi yake ni kukatakata wanga uwe sukari. Nilipolisikia hilo darasani nilitabasamu peke yangu. Nilikuwa nimeshalisikia jikoni.

Kabla hatujahamishiwa hapa barabarani, kila nyumba ilining'iniza mahindi yake juu ya moto. Moshi uliyafanya meusi kwa nje, ndani yakabaki safi. Tulipoletwa kwenye kijiji kipya, mahindi ya shamba la wote yakaanza kuwekwa kwenye ghala la wote, ghala la mabati. Mchana bati linachoma. Usiku baridi ya huku kwetu inaingia, na bati linatiririsha maji kwa ndani. Mwaka ule mahindi yenyewe yalivunwa hayajakauka, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kutoka mkoani na viongozi wetu walitaka wakute ghala limejaa. Wakalikuta limejaa. Wakapiga makofi, wakaondoka.

Nilikuwa nyumbani likizo siku lilipofunguliwa. Mlango ulipovutwa ilitoka hewa ya joto yenye uvundo, kama pumzi ya mtu mwenye jino bovu. Magunia ya chini yalikuwa yameshikana. Ukichota, mahindi yanakuja kwa mabonge, yameota ukungu wa kijani na mahali pengine mweusi, na vumbi lake linaingia puani na kukaa kooni siku nzima. Mwenyekiti wa kijiji alisimama nje na kitambaa puani. Wanawake ndio waliotumwa kuingia. Mahindi mazuri ya juu yalichambuliwa yakapakiwa kwenye lori kwenda Laela kwa wanunuzi. Mabovu yakabaki, na mwenyekiti akasema kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, "Haya ya chini, akina mama, mtapikia pombe ya siku za kazi."

Hakuna aliyeshangaa, hata mimi. Hapa kwetu hindi bovu ni hindi la pombe. Mtu hawezi kulisonga ugali, atachekwa, lakini akilichemsha na kulichachua anaona limetakasika. Mzee mmoja alinikuta nimeziba pua akanicheka. "Binti, pombe yenyewe ni kitu kilichooza. Sasa kitu kitaoza mara ngapi?" Watu wakacheka naye. Mimi niliendelea kuchambua, na jioni nilinawa mikono kwa majivu mara nyingi na bado nikaikuta ile harufu kwenye kucha.

Desturi unaijua. Aliyepika ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote, kikombe kizima. Tunasema anatoa sumu. Asipofanya hivyo hakuna mtu anayegusa, na maneno yanaanza. Kwa hiyo dada alikunywa kwanza. Kila siku ya kazi ya shamba la wote, kila msiba, kila harusi, kikombe cha kwanza kilikuwa chake. Na kabla ya hapo alikuwa ameshaonja chunguni ajue kama imeiva. Hata hakuipenda pombe. Alikunja uso kama mtoto anayepewa kwinini. Alikunywa ili watu wawe na amani naye. Fikiri jambo hilo, Oliva. Alikuwa anawaonyesha watu kwamba hakuna sumu.

Macho yake yakageuka njano. Akapungua mikono na mabega, huku tumbo likijaa mpaka kitenge hakifungi. Zahanati walimpa vidonge vya tumbo. Halafu ndugu wakaleta mganga. Nilimwona akitafuna mizizi na kuitemea juu ya tumbo la dada yangu, mate ya kahawia yakitiririka mpaka kwenye mkeka, na dada amefumba macho kwa aibu. Watu wazima wamekaa wanatazama mate kama wanatazama misa. Mimi ndiye niliyemfuta. Alipokufa, walevi wake walikaa matangani wakinong'onezana kwamba amekufa kwa kikombe chake mwenyewe, wakimaanisha uchawi wake umemrudia. Mmoja wao alinifuata jikoni akaniuliza kama kuna kitu kimebaki kwenye mitungi. Msiba haujatimiza hata siku mbili. Nilimwonyesha mtungi kwa kidole.

Wewe ulikuwa umelala mgongoni kwangu wakati huo wote. Ndivyo ulivyokuwa mwanangu. Hakuna aliyeniuliza kama niko tayari na mimi sikutegemea kuulizwa, kwa kuwa mdogo wa mama ni mama. Nilirudi shuleni kidato cha pili na nguo zangu zinanuka mkojo wako, na wenzangu bwenini waliziba pua. Hilo halikunitia kinyaa hata kidogo.

Muhula ule mwalimu wetu wa biolojia alileta darasani kipande cha mkate alichokificha ndani ya kopo mpaka kikaota ukungu. Akatuambia tutazame kwa hadubini, kwamba huo ukungu ni kuvu, ni kitu hai, kina mizizi na matunda yake. Akasema kuna kuvu inayotupa dawa na kuna inayotengeneza sumu, na sumu nyingine haiondoki hata ukiichemsha. Inakwenda kwenye ini na kukaa huko. Mtu anayekula kidogo kidogo haoni kitu kwa miaka mingi.

Zamu yangu ilipofika niliinama, na kabla sijaweka jicho niliisikia harufu. Ilikuwa ya ghala. Nilikimbia nje nikatapika kwenye maua ya mkuu wa shule, na darasa zima likacheka, wengine wakasema nina mimba. Mwalimu akanifuata.

"Felista, unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa nini?"

Nilimwuliza tu, "Hata ikichachuliwa, mwalimu? Hata ikiwa pombe?"

Alifikiri. "Sijui," akasema. "Nadhani haiondoki yote. Lakini mimi sijui. Hayo ni mambo ya biokemia."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo likitajwa kama mahali ambapo mtu anaweza kwenda. Alinieleza kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kujua kila kitu kinachoingia mwilini kinageuka kuwa nini, kinashikana na nini ndani ya seli, na ni molekuli gani inayoharibu nyingine. Siku ya kujaza masomo ya Chuo Kikuu niliandika hilo. Wenzangu waliandika udaktari na sheria.

Bibi yako hakunielewa, na mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyefurahi kutonielewa. Unakumbuka nilipoitwa kwenye mkutano wa kijiji wanipe barua ya kunipendekeza. Ulikuwa umekaa mbele na watoto wenzako. Mwenyekiti alisimama karibu yangu, na pumzi yake ilikuwa ya komoni saa nne asubuhi.

"Haya, waeleze wananchi. Hiyo biokemia ndiyo nini?"

Nilisema ni kemia ya ndani ya viumbe.

"Sema kwa sauti, taifa linasikiliza."

Nilisema tena. Nilisema ni kujua wanga unavyogeuka sukari, na sukari inavyogeuka pombe, na vitu vinavyoharibu ini. Sikufika mwisho, maana bibi yako alidakia kutoka kwa akina mama: "Kumbe unakwenda huko kote kusomea pombe. Si ungebaki nikufundishe hapa hapa." Mkutano mzima uliangua kicheko, na mimi nilicheka kidogo kwa sababu alikuwa amenichekesha kweli. Lakini mwenyekiti alipiga muhuri huku akisema, "Basi ukirudi utatupikia ya kisasa," na wanaume wakashangilia. Hao ndio niliowaona matangani. Nilitazama chini nikaipokea barua kwa mikono miwili, nikasema asante. Nimesema asante nyingi za namna hiyo maishani mwangu, na zote bado zina ladha mbaya mdomoni.

Sasa ya leo.

Shangazi yako si mtu mbaya. Nataka ulijue hilo kabla hujaingia nyumbani kwake. Ametoka mbali kukuchukua, amekuletea viatu, na alipokuona alishika mashavu yako akasema una macho ya kaka yake. Mimi alinitania kama kawaida.

"Shikamoo, dada," nilimwambia.

"Marahaba, msomi. Bado unaongea kama mtu aliyemeza pamba? Huko chuoni watakusikiaje?"

Kisha akafungua galoni ya pombe aliyokuja nayo, majirani wakasogea, bibi yako akatandika mkeka. Kwa kuwa alipika yeye, ilipasa aonje yeye. Lakini alitaka kukupa heshima. Nililiona hilo usoni kwake, alikuwa na furaha. Akajaza kikombe akasema, "Mtoto huyu tangu leo ni wa nyumba yangu. Kwangu yeye ndiye atakayekuwa anafungua mtungi. Oliva, njoo utoe sumu, wageni wanywe."

Ulikwenda umenyoosha shingo kama bibi harusi. Ulikishika kikombe kwa mikono miwili. Ulipita mbele yangu, na harufu ikapita na wewe, ile ile, ya mlango wa ghala.

Sijui niliinukaje. Mimi ambaye sijawahi kumkatiza mtu mkubwa. Nilikunyang'anya kikombe nikakimwaga mlangoni.

Pombe ikaenea kizingitini. Kuku wakaja mbio kuidonoa.

"Umemwaga," shangazi yako akasema.

"Nimemwaga, dada."

"Kwa hiyo nimesafiri kutoka Kate kumletea mama yenu sumu."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Umefanya."

Nilijaribu kueleza. Nilisema kuvu, nikasema ini, nikamtaja dada Yusta. Nikamwuliza, "Dada, mahindi ya pombe hii, yalikuwa mazima?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mahindi ya pombe ni mahindi ya pombe. Ulitaka nitie mazima, halafu watoto wale nini? Gunia limeharibika, nifanyeje, nilitupe? Wewe ungelitupa?"

Mwenye njaa hatupi gunia, na waliopeleka mahindi mazuri Laela hawakuwa yeye.

"Na hayo ya kuvu," akaendelea, "ndiyo waliyokufundisha Chuo Kikuu?"

"Bado. Sijaanza."

Hapo wote wakacheka, na kicheko kikawaondolea hofu. Bibi yako aliniambia nipige magoti niombe radhi. Nilipiga. Niliomba radhi kwa kumkosea mgeni adabu, na nilichagua maneno ili nisiombe radhi kwa kumwaga. Kisha shangazi yako akajaza kikombe kingine, akakinywa chote akinitazama, akajifuta mdomo kwa kiganja. Halafu akampa mama yangu. Mama yangu, aliyemzika Yusta, akakinywa chote na akaomba aongezewe. Nilitoka nje. Mpaka sasa nawasikia wakiimba.

Kabla sijakaa hapa shangazi yako alinifuata. Hasira ilikuwa imepungua. "Mtoto nitamchukua," alisema. "Sina ugomvi na yatima. Lakini kwangu hakuna mtoto wa kumwaga. Ataonja kama tulivyoonja sote." Nikamwambia, "Nakuomba asionje, dada." Akanipiga begani polepole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, akarudi ndani.

Kwa hiyo hilo ndilo lililobaki, mwanangu, nami siwezi kukaa Kate kukulinda.

Huenda nimekosea. Huenda mama yako aliuawa na kitu kingine, na mimi nimemwaibisha mgeni bure. Sina hakika, wala mwalimu wangu hakuwa nayo. Huko ninakokwenda nitafundishwa namna ya kuitafuta sumu hiyo ndani ya hindi, nijue inaingiaje kwenye ini na inafanya nini ikifika. Itachukua miaka. Wakati huo wote mitungi itakuwa inafunguliwa, na siwezi kukuambia unywe wakati mimi natafuta hakika.

Tena usije ukadhani kila kilichooza ni adui. Haya matuta ninayokalia ni ntumba, bibi yako amefukia majani humu ndani yaoze, na ndiyo yanayotupa maharage na ulezi. Kimea cha mama yako nacho kilikuwa kitu kizuri. Ndiyo maana natamani kusoma, kwa sababu kuna kuoza kunakolisha na kuna kunakoua, na kwa macho kunafanana.

Nilipokuwa na umri wako waliniambia kinyaa ni kiburi. Mtoto akikunja pua wanasema anajidai, wanamlazimisha ameze ili avunjike moyo. Nami nilimeza, nikajifunza kutabasamu huku nimebana pumzi. Nilibana pumzi ghalani, nikabana pumzi kwa mganga, nikabana pumzi mbele ya mwenyekiti. Leo ndiyo mara ya kwanza mwili wangu ulikataa mbele ya wakubwa kabla mimi sijapata muda wa kuuzuia, na ingawa nilipiga magoti, sikujuta. Kinyaa chako usikionee haya, Oliva. Pua yako ilikuwepo kabla hujajifunza adabu.

Siku moja huko Kate mtungi utafunguliwa, watu wamekaa, na shangazi atakuita utoe sumu. Nusa kwanza. Kama ni safi, fanya upendavyo. Kama ina ile harufu ya leo, usinywe. Kirudishe kikombe, na wakikulazimisha, mwaga. Watakuuliza ni nani aliyekufundisha utovu wa adabu huo. Usibishane nao habari za kuvu, hawatakuelewa, na mimi mwenyewe bado sijazielewa. Usiwajibu kwa ujeuri pia, maana ni wewe utakayelala nyumbani kwao. Sema ni mama mdogo. Sema ni Felista, yule mwenye kiburi aliyekwenda Chuo Kikuu, ndiye aliyekukataza, na kwamba unamwogopa kuliko unavyowaogopa wao. Wanitukane mimi mpaka wachoke. Nitakuwa mbali. Na siku matusi yao yakinifikia nitayafurahia, kwa sababu nitajua hukunywa.

Mama yako mdogo,
Felista